Shemeji anataka vigoda visivyo na ufa, na mti bado mbichi

Mpendwa Mama Mshauri,

Pole na kazi. Mimi ni fundi wa kuchonga, nina miaka 36, nakaa nje kidogo ya mji wa Arua, huku Uganda. Kazi hii nilifundishwa na baba mdogo. Nachonga vinu na michi, miiko, mizinga ya nyuki na vigoda vya wazee. Mbao kavu za dukani sinunui. Kazi yetu inaanzia kwenye gogo ambalo ukilipiga shoka bado linatoa maji, kwa sababu mti mbichi unaitikia tezo. Ukisubiri ukauke, unamaliza siku nzima kunoa vifaa.

Nakuandikia kwa sababu ya oda. Kaka mkubwa wa mke wangu anafanya biashara ya kupeleka vifaa kwenye hoteli na kambi za watalii. Mwezi uliopita alipata kazi ya kambi moja upande wa Pakwach, karibu na hifadhi ya Murchison Falls, akaniletea mimi: vigoda 30 na mabakuli 60. Malipo ni milioni nne na nusu, na amenipa milioni moja na nusu ya kuanzia. Oda ya ukubwa huo sijawahi kuishika. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Shida ilianza picha zilipoingia kwenye simu. Kigoda kichongwe kutoka gogo moja bila kuunga, kimo sentimita 45, pa kukalia sentimita 35, miguu minne, kila mguu unene wa sentimita 3. Sentimita 3, mama! Vigoda vyetu ni vifupi na mguu wake unajaa kiganja. Hiyo picha nikiitazama naona ni kitu kilichochorwa kwenye kompyuta, hakuna mtu aliyewahi kukikalia. Mabakuli ni ya saladi na matunda, upana sentimita 25, ukuta nusu sentimita. Vyote viwe vyeusi ti na ving'ae. Kusiwe na ufa hata mmoja. Kitakachopasuka kinarudi bila malipo. Na vyote vifike kabla ya wageni wa Krismasi.

Nikamweleza shemeji kwamba gogo nililopata ni la mwembe wa jirani ulioangushwa juzi kupisha nyumba, kwamba mvua za huku hazijaisha, na kwamba kigoda kinaweza kuondoka hapa kizuri kikafika kwenye jua la Januari kikafunguka. Akanijibu kwa sauti ya WhatsApp: "Shemeji, mafundi wa Kampala wanafanya, wewe unashindwaje? Fanya nilivyokutumia. Huo weusi paka rangi ya viatu, juu yake vanishi, mambo kwisha. Wageni watadhani mpingo, na kwenye risiti tutaandika mpingo." Halafu akacheka, akasema, "Na usisahau mbuzi wetu bado wako kwako."

Hilo la mbuzi ndilo linaninyima usingizi. Mahari ya mke wangu sijamaliza. Ng'ombe nilipeleka, mbuzi wamebaki. Nyumba yao haijawahi kunisumbua. Mwaka jana mtoto wetu alipolazwa, ni huyu huyu shemeji aliyelipa hospitali, na hadi leo hajataja ile pesa. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje hapana?

Halafu kuna mpwa wangu. Ana miaka 16, muhula huu karo ilikosekana, kwa hiyo yuko kwangu ananisaidia. Kwa ajili ya haraka tunafanya kazi mpaka usiku kwa taa ya sola. Juzi tezo ilikutana na fundo, ikateleza, ikamkata juu ya kifundo cha mguu. Alishonwa. Sasa anatembea na anasema yuko tayari kurudi kazini. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hajasema neno, na huo ukimya wake unaniogopesha kuliko angepiga kelele.

Pesa ya kuanzia imeingia kwenye magogo, usafiri, patasi mpya na vijana wa kupasua. Iliyobaki ni kidogo. Baba mdogo anasema nirudishe kazi, mti haulazimishwi. Mke wangu hajui habari ya mbuzi; anachojua ni kwamba kaka yake ametuletea riziki. Vigoda vya kwanza viko chini ya turubai, na viwili tayari vimeanza kufunguka kutoka katikati kwenda ukingoni. Nizibe kwa gundi na unga wa mbao, nipake weusi, nipeleke? Wengi wanafanya hivyo. Au niseme ukweli nipoteze kazi na ukwe kwa pamoja?

Fundi wa Arua

---

Ndugu yangu fundi,

Pole, na pole zaidi kwa kijana. Kabla ya kukujibu nilimpigia simu mzee mmoja anayechonga ngoma pale Mpambire, barabara ya Kampala kwenda Masaka, kwa sababu mambo ya wakwe nayajua kiasi, ila mambo ya gogo sikutaka kukudanganya. Mengi ya mti utakayosoma hapa ni yake. Ya watu ni yangu, na unaweza kuyakataa.

Umeniuliza kama uzibe ufa. Chini ya swali hilo naona deni la mbuzi, deni la hospitali ambalo hakuna anayekudai, na mtu unayempenda aliyekuletea vipimo ambavyo mti hautavikubali. Kila ukitaka kuzungumza habari ya vipimo, ulimi unakutana na mbuzi. Ndiyo maana ujumbe mmoja wa kuchekacheka umekukosesha usingizi.

Tuanze na mti, maana huo hauna hasira na mtu.

Gogo lililokatwa juzi linaweza kubeba maji yenye uzito wa nusu ya uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu, na miti mingine hubeba zaidi ya hapo. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyokaa kwenye matundu ya mti, na yakitoka umbo halibadiliki. Yakishuka hadi kama asilimia 30, ndipo yale yaliyomo ndani ya nyuzi zenyewe yanaanza kuondoka, na hapo mti unasinyaa. Tena hausinyai sawa pande zote. Kuzunguka pete unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyo kwenda ganda, na kwa urefu wa gogo karibu hausinyai kabisa. Sasa chukua kipande cha gogo zima, moyo wake katikati, ukifanye pa kukalia. Ukingo unataka kufupika na katikati hapaukubalii. Lazima pafunguke mahali, na patafunguka kutoka moyoni kwenda ukingoni, vile vile ulivyoona chini ya turubai. Usiulaumu mkono wako. Hata baba yako mdogo angechonga hivyo vigoda, kwa gogo hilo na kwa muda huo, vingefunguka.

Nilipomsomea mzee vipimo vyako alinyamaza kidogo, kisha akauliza kitu kimoja: nyuzi za mguu zinakwenda wapi? Wewe unajua kwa nini aliuliza, ila wasomaji wengine huenda hawajui. Ukichonga kigoda gogo likiwa limesimama, nyuzi zinashuka na mguu na mguu unakuwa na nguvu, lakini pa kukalia panabaki na moyo wa mti na ndipo panapopasuka. Ukipasua gogo katikati, ukatoa moyo, ukachonga likiwa limelala, pa kukalia panapona, lakini nyuzi sasa zinaukata mguu kwa upana. Mguu mnene na mfupi unavumilia hilo. Mguu wa sentimita 3 wenye kimo cha sentimita 45 utakatika siku mgeni atakapoegemea nyuma akacheka. Vigoda vya wazee vilikuwa vifupi na vinene kwa sababu kuna watu kabla yetu walishaanguka.

Kwa hiyo kuhusu gundi na unga wa mbao, naomba utenganishe kazi mbili. Kinyago cha kuweka juu ya kabati, ufa wake ukizibwa hakiumizi mtu, ni suala la sura na bei. Kigoda kinabeba kilo 100 za mtu asiyejua kuna nini chini yake. Gundi ya kawaida haishiki vizuri kwenye mti wenye maji, na hata ikishika, mti unaendelea kusinyaa pembeni yake. Weusi ukipakwa juu, wewe ndiye mtu pekee anayejua ufa uko wapi. Sikuambii uvitupe. Ninachouliza ni kama utaweza kulala mwezi wa Januari vikiwa huko Pakwach, maana barua yako inaniambia wewe ni mtu wa kukosa usingizi.

Mabakuli yako katika hali nzuri kuliko unavyodhani. Ukuta mwembamba wenye unene sawa kila mahali unakauka upesi na kwa pamoja, haupambani wenyewe kwa wenyewe. Mzee anasema achia ukuta mnene kidogo kwanza, fukia bakuli kwenye maranda yake ndani ya gunia, kivulini, mbali na upepo, kisha malizia kuchonga likishakauka. Mengine yatavutika yawe na umbo la yai kidogo. Hilo ni la kumwambia mteja mapema. Wapo wanaolipa zaidi kwa ajili yake.

Shida ya mabakuli ni weusi. Rangi ya viatu imetengenezwa kwa ajili ya viatu, na saladi yenye ndimu na mafuta itaiamsha iingie kwenye chakula. Vanishi juu ya mti wenye maji inafungia unyevu ndani, inafanya mabaka meupe, kisha inabanduka, na kijiko kitabeba vipande vyake. Kule Ankole wana chombo cha maziwa cha kuchonga, ekyanzi, ambacho kwa vizazi kinapata weusi wake kwa kufukizwa moshi na kupakwa samli. Bakuli lako laweza kufukizwa au kuunguzwa juu juu kwa chuma cha moto, kisha likasuguliwa kwa nta ya nyuki. Wewe unachonga mizinga, hupungukiwi na watu wa kukuuzia nta. Mafuta ya kupikia hayakauki, yatanata na kuvunda. Mafuta ya kitani yale ya dukani yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa mara nyingi yametiwa dawa za kukausha zenye madini, hayafai kwa chombo cha kulia. Na ukiyatumia kwenye vigoda, matambara yake usiyarundike karibu na maranda, yanaweza kushika moto yenyewe. Yaanike yakauke, au yaloweke kwenye maji.

Kuhusu kuandika mpingo kwenye risiti ya mwembe, hapo sina pande mbili za kukuonyesha. Usiandike.

Sasa watu. Nikisoma barua yako natafuta mahali ulipozungumza na mwenye kambi, sipaoni. Umezungumza na shemeji, ambaye amezungumza na mtu, ambaye labda amezungumza na mchoraji. Kwamba kigoda kisiungwe, nani alisema? Kwamba mguu uwe sentimita 3, ni sharti la kambi, au ndivyo picha ilivyotokea? Kimo cha sentimita 45 nakielewa, ndicho kimo cha kiti cha kawaida, huenda meza zao zimeshatengenezwa. Unene wa mguu hautegemei meza. Huenda kati ya vipimo vile kuna viwili visivyosogea na vingine vyote hakuna anayevijali. Wewe umevipokea vyote kama amri moja, na nakuelewa, maana vilikuja kwa sauti ya mkubwa.

Usiruke kichwa cha shemeji ukaipigia kambi mwenyewe. Kazi ni yake, na ukimpita utakuwa umemvunjia heshima mbele ya mteja wake, jambo zito kuliko mbuzi. Unaweza kumwomba akuulizie, au mwende pamoja. Na ukimwomba, mfikirie yeye kidogo. Kigoda kikivunjika chini ya mgeni, kambi haitampigia fundi wa Arua, itampigia aliyepeleka bidhaa. Jina la kwanza kuchafuka ni lake. Labda anakuharakisha kwa sababu naye ameahidi asichokijua, na hajui kama hakijui. Mazungumzo yanayoanza na "shemeji, nataka kulinda jina lako kule kambini" yanafuata njia tofauti na yanayoanza na "haiwezekani".

Mbuzi. Sikuwepo, sikuisikia sauti yake. Kwa wakwe wengi wa huko kwenu utani wa mbuzi ni utani na ni ukumbusho kwa wakati mmoja, na anayeutoa mwenyewe hapimi ni kiasi gani cha kila kimoja. Wewe umeisikia oda na mahari kwenye mzani mmoja. Je, yeye ameziweka hapo? Mtu aliyelipa hospitali akakaa mwaka mzima bila kuitaja, je, anafanana na mtu atakayekuvunjia nyumba kwa sababu ya mguu wa kigoda? Inawezekana. Pesa ya biashara hubadilisha watu. Ila ushahidi ulionipa wewe mwenyewe unaelekea upande mwingine. (Wako watakaokukumbusha kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Hilo ni la ndoa inayovunjika. Yako naiona imesimama, na mbuzi bado ni mbuzi.)

Ningetamani siku ya kuzungumza mbuzi isiwe siku ya kuzungumza vigoda. Hata kama ni kupeleka mmoja tu, au kutaja mwezi, lifanye kama jambo la ukwe, mbele ya watu wa ukwe. Mshenga wenu kama bado yupo anaweza kukusaidia kwa hilo. Kumpeleka mshenga kwenye habari ya vigoda nina wasiwasi nako, kwa sababu kutageuza biashara kuwa kesi ya ukoo, na wazee wakishakaa chini hakuna anayeondoka na kazi yake kama ilivyokuwa.

Mke wako je? Umemficha ili asibebe mzigo, nakuheshimu kwa hilo. Lakini yeye ndiye anayemjua kaka yake tangu utotoni. Angeisikia ile sauti ya WhatsApp angekuambia kwa sekunde moja kama ni kicheko cha utani au kicheko cha onyo. Hatari yake ni kwamba anaweza kunyanyua simu palepale akampigia kaka yake, na jambo likatoka mikononi mwako. Kama yeye ni wa namna hiyo, wewe unajua, mimi sijui.

Njia za kazi yenyewe ni nyingi kuliko mbili ulizoniandikia, na hakuna isiyo na gharama.

Iko ya kuunga. Pa kukalia pachongwe kwenye nusu gogo bichi lililotolewa moyo, miguu ipasuliwe kufuata nyuzi na kukaushwa kabisa, juu ya jiko la kuni kwa mfano, kisha ulimi wa mguu mkavu uingizwe kwenye tundu bichi. Tundu likisinyaa linaukaba mguu, na kadiri siku zinavyopita ndivyo unavyoshika. Hapo hata mguu mwembamba unapata nyuzi za kushuka nao, ingawa sentimita 3 mimi bado ningeomba ziwe 4. Hatari ni kwamba shemeji aliambiwa gogo moja, na anaweza kuona umekwepa kazi ngumu. Na wewe pia, nahisi, kuna kitu ndani yako kinachosema kazi ya baba mdogo haiungwi.

Iko ya kuchonga vigoda vya asili kama ulivyofundishwa, vifupi, vinene, na kumpelekea shemeji kimoja ili kambi ikione. Watalii hawakuja Pakwach kutafuta kiti cha kwenye kompyuta. Lakini kama ni vya mezani, kigoda kifupi hakitafaa hata kiwe kizuri namna gani, na utakuwa umetumia siku ambazo huna.

Iko pia ya kugawa mzigo: mabakuli yaende kabla ya Krismasi, vigoda vifuate vikishakauka. Kambi inaweza kukubali, au inaweza kununua viti vya plastiki kesho yake asubuhi na shemeji akapoteza oda, akakumbuka ni nani aliyeomba muda. Kurudisha kazi yote, anavyosema baba mdogo, ni njia yenye heshima, ila milioni moja na nusu imeshageuka magogo na patasi. Magogo yanaweza kuwa vinu. Je, vinu vitauzika kwa kasi ya kurudisha pesa? Baba mdogo hakukuambia, na pengine kwa umri wake halimhusu tena.

Na iko ile ya kufanya kama ulivyoambiwa, neno kwa neno. Sitakuficha kwamba watu wengi wangeichagua, na vingi kati ya vigoda hivyo vingefika na kukaliwa. Ila usijifariji kwamba shemeji ndiye aliyeagiza. Sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo muuzaji anaijua, na kazi ya kiti kila mtu anaijua.

Nikitaja sheria, kuna moja iliyo karibu zaidi nawe. Sheria ya mikataba ya mwaka 2010 inataka makubaliano yanayozidi pointi 25 za fedha yawe ya maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mstari uko kwenye shilingi 500,000. Oda yako ni mara tisa ya hapo na inaishi ndani ya simu. Najua kumwekea karatasi shemeji kunaonekana ni kumtilia shaka. Lakini yeye na kambi bila shaka wana karatasi yao, na kumwomba nakala ili usikosee vipimo hakumtukani mtu. Kwenye ya kwenu iandikwe aina ya mti kwa jina lake la kweli, kipimo gani kinaweza kusogea, na ufa ukitokea baada ya kigoda kuanikwa juani kambini, ni wa nani.

Vyovyote utakavyoelekea, kuna vitu viwili vitakavyosema kwa niaba yako bila kubishana. Cha kwanza ni mizani. Pima kigoda kimoja na bakuli moja, andika uzito kwa mkaa chini yake, rudia kila baada ya siku chache. Uzito ukiendelea kushuka, mti bado una maji, na hakuna ujumbe wa WhatsApp unaoweza kuubishia. Ukisimama, umekauka kwa hewa ya Arua. Ya Pakwach bado inaweza kuchukua kidogo. Cha pili ni mfano. Maliza kigoda kimoja cha picha na kimoja cha kuunga, pakia kila kimoja mifuko mitatu ya saruji, kilo 150, kisha angusha mfuko mmoja ukingoni kutoka kimo cha goti. Mwalike shemeji aone. Kama naye ana mwili wa wafanyabiashara, mkaribishe akalie kile kitakachosalimika.

Nimemwacha kijana mwisho, nawe pia ulimtaja karibu na mwisho, ila sidhani kama hapo ndipo mahali pake.

Umesema anataka kurudi kazini. Kijana wa miaka 16 anayekaa kwa mjomba, karo haijalipwa, atasema anataka. Sheria ya ajira ya mwaka 2006 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, na tezo usiku kwa taa ya sola ni hatari hata kwa mtu wa miaka 36. Hatuna haja ya kugombana juu ya nani alikosea, fundo ni fundo. Kazi zipo anazoweza kufanya mchana: kupima na kuandika uzito, kupiga msasa nje akiwa na barakoa, kufukia mabakuli kwenye maranda, kusugua nta. Na kwako mwenyewe: gogo libanwe kwenye kisiki kwa kabari badala ya kushikwa kwa mguu, vaa gambuti, noa kabla makali hayajaanza kuteleza, na giza likiingia tezo ipumzike. Ukipunguza saa za kazi, tarehe ya Krismasi inazidi kubana, najua. Hilo nalo ni la kumweleza shemeji wazi: kasi aliyoiomba imeshapita kwenye mguu wa mtoto. Huenda hajui. Barua yako haisemi kama ulimwambia.

Dada yako ningemwendea kabla ya mtu mwingine yeyote, bila kusubiri avunje ukimya, na nisingeenda na maelezo ya oda. Ukifika, mwulize kidonda kinaendeleaje, nani atalipia dawa zilizobaki, na kama kijana alichomwa sindano ya pepopunda siku ile aliposhonwa. Kama hakuchomwa, mpeleke kituo cha afya leo.